Montréal-Nord, Saint-Laurent au Côte-des-Neiges: ukifika Montreal uhamie wapi?

Kuanzia Februari simu yangu haitulii. Mikataba mingi ya kupanga hapa Quebec huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo anayetaka kuhama huanza kusaka nyumba wakati theluji bado imejaa njiani. Juzi alinipigia mama mmoja wa Uvira. Amefika na watoto watatu, na kwa sasa wamebanana kwa shemeji yake. "Dada," akasema, "nimepata nyumba Montréal-Nord, bei yake tunaiweza. Lakini shemeji anasema huko ni kwa wahuni, eti tutafute Côte-des-Neiges. Na baba watoto kapata kazi ghalani, kule Saint-Laurent. Sasa nishike lipi?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimuuliza maswali matano, na ndiyo nitakayoyatumia hapa kupima maeneo yote matatu. Mimi nimekulia Bukavu. Nimekaa Montréal-Nord miaka saba, Côte-des-Neiges miwili, na kazi yangu ya sasa iko Saint-Laurent. Kila mahali pamenipa kitu na kila mahali pamenichosha kwa namna yake.

Montreal imegawanyika katika wilaya 19. Montréal-Nord na Saint-Laurent zilikuwa miji yenye mameya wao hadi 2002, zilipounganishwa na jiji. Côte-des-Neiges ni nusu ya wilaya iitwayo Côte-des-Neiges–Notre-Dame-de-Grâce, yenye watu wengi kuliko zote. Katika zote tatu utasikia lugha kumi kabla hujamaliza foleni ya duka.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Nyumba ina vyumba vingapi, na joto analipa nani? Hapa nyumba huhesabiwa kwa namba zenye nusu. Ukisikia quatre et demi, yaani nne na nusu, usidhani ni vyumba vinne vya kulala. Jiko limehesabiwa, sebule imehesabiwa, vinabaki viwili vya kulala. Ile nusu ni bafu na choo. Familia yenye watoto watatu kwa kawaida husaka tano na nusu. Kisha angalia kama tangazo limeandikwa chauffé. Likiandikwa hivyo, joto la majira ya baridi limo ndani ya kodi. Lisipoandikwa, bili ya kupasha nyumba ni yako, na mara nyingi ni ya umeme.

Utatoka nyumbani saa ngapi, na utabadilisha usafiri mara ngapi? Metro hufunguliwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwenye zamu inayoanza saa kumi na mbili kamili hawezi kuitegemea, atapanda basi la usiku. Na dakika kumi za kusubiri basi mwezi wa Julai si kitu. Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo unatoka mtoni, utazihesabu moja moja.

Umekuja na lugha gani? Anayetoka Bukavu, Goma au Bujumbura na Kifaransa chake cha shule hayuko sawa na anayetoka Arusha au Nakuru na Kiingereza peke yake. Wote wataishi, ila si kila mtaa utawapokea kwa wepesi ule ule. Tangu Juni 2023, ofisi za serikali ya Quebec zinapaswa kumhudumia mhamiaji kwa Kifaransa tu baada ya miezi sita ya kwanza, isipokuwa katika mambo kama afya na haki. Kifaransa utajifunza. Swali ni utajifunzia wapi, na utaishije kabla hujakijua.

Watoto watasoma wapi na watatibiwa wapi? Kwa sheria ya lugha ya 1977, mtoto wa mhamiaji husoma shule ya Kifaransa, isipokuwa wachache waliotajwa na sheria yenyewe. Asiyejua Kifaransa huwekwa kwanza katika darasa la mapokezi, classe d'accueil. Kila wilaya hapa iko chini ya mamlaka tofauti ya shule, lakini utaratibu huo ni mmoja.

Jirani zako watakuwa nani? Hapa naweka chakula, ibada, utulivu wa usiku, na ile hali ya kuwa na mtu wa kumgongea mlango mtoto akipandwa na homa.

Montréal-Nord

Nyumba. Hapa ndipo kodi huwa nafuu kuliko kule kwingine kuwili, na ndiyo sababu familia kubwa hukimbilia huku. Majengo mengi ni ya matofali, ghorofa mbili au tatu, yaliyojengwa baada ya vita ya pili ya dunia, mengine yana ngazi za nje ambazo wakati wa barafu unashuka umeshika chuma kwa mikono miwili. Tano na nusu zinapatikana, na mwenye nyumba mara nyingi anaishi jengo hilo hilo, chini yako au juu yako. Hilo lina uzuri wake: bomba likipasuka unamgongea.

Lakini unafuu huo nimewahi kuulipia. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa nne na nusu, nusu yake iko chini ya usawa wa ardhi. Niliipenda Agosti kwa sababu ilikuwa baridi kidogo. Desemba theluji ikafunika dirisha la chumba cha watoto hadi juu, ukawa unawasha taa mchana. Hita za umeme zilikuwa chini ya madirisha, zinapasha hewa inayotoka nje moja kwa moja. Pembeni mwa kabati la nguo ukuta ukatoka madoa meusi, na mashati ya mume wangu yakawa yananuka kama gunia lililolowa. Bili ya umeme ya miezi miwili ilipofika Februari ilikaribia nusu ya kodi ya mwezi. Mwenye nyumba aliniambia nifungue madirisha. Tangu hapo, mtu akinionyesha nyumba ya nusu chini ya ardhi, naingiza mkono nyuma ya kabati nipapase ukuta kabla ya kuuliza bei.

Njia. Hili ndilo tatizo kubwa. Wilaya yenye watu zaidi ya 80,000 haina kituo hata kimoja cha metro. Unapanda basi kwenda Henri-Bourassa upande wa magharibi, au unashuka kusini hadi Saint-Michel. Tangu Novemba 2022 kuna nafuu: basi namba 439 linapita katika njia yake lenyewe katikati ya barabara ya Pie-IX, halikwami na magari. Anayekaa karibu na Pie-IX na anayekaa mashariki kule Langelier ni kama wanaishi miji miwili. Kufika katikati ya jiji ni dakika 45 hadi saa nzima.

Metro ya mstari wa buluu inaongezwa vituo vitano kuelekea Anjou, na inatarajiwa kuanza 2031. Haitaingia Montréal-Nord yenyewe, ila kituo cha kona ya Pie-IX na Jean-Talon kitapokea lile basi la 439. Kimepewa jina la Vertières, mahali ambapo jeshi la Wahaiti liliwashinda Wafaransa mwaka 1803. Jirani zangu walipolisikia jina hilo walipiga simu hadi Port-au-Prince.

Lugha na shule. Kifaransa kila mahali: benki, zahanati, uwanja wa mpira. Pembeni yake kuna Krioli ya Haiti, Kiarabu cha Algeria na Morocco, Kihispania, na Kiitaliano cha wazee waliotangulia. Watoto wangu walipata Kifaransa cha hapa kwa miezi michache tu, kwa sababu hata ugomvi wa uwanjani ulikuwa wa Kifaransa. Mwenye Kiingereza tu atahangaika mwanzoni, kwani wengi hapa hawakitumii.

Kazi na afya. Wanawake wengi wa wilaya hii hufanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa, wanaume kwa wanawake viwandani na maghalani, na mara nyingi kazi yenyewe iko mbali na nyumbani. Mwaka 2020 korona iliipiga Montréal-Nord kwa nguvu kuliko sehemu nyingi za Canada, kwa sababu watu wake hawakuweza kufanyia kazi nyumbani na walikuwa wengi ndani ya nyumba moja. Kuna CLSC, kituo cha afya cha mtaa. Kwa dharura wengi huenda hospitali ya Fleury, wilaya jirani ya Ahuntsic.

Watu na chakula. Wahaiti ndio wengi, na kwa Mwafrika wa Maziwa Makuu hilo ni faraja ambayo sikuitegemea. Kwenye duka la Wahaiti utapata muhogo, ndizi za kupika, nyama ya mbuzi iliyokatwa na mifupa yake. Siku moja nilinunua mfuko wa majani makavu umeandikwa lalo bila kujua ni nini. Nikachemsha, mwiko ukaanza kuteleza na kuvuta nyuzi. Mlenda! Wao huupika kwa kaa na nyama ya ng'ombe. Mimi niliweka karanga, na jirani alipoonja akaomba nimwandikie.

Kuna uhusiano mwingine wa zamani zaidi. Congo ilipopata uhuru mwaka 1960 ilikosa walimu na madaktari, na Wahaiti waliosoma waliajiriwa kwa mamia kwenda kufundisha na kutibu kwetu. Baadhi yao baadaye walikuja Quebec. Katika jengo letu la pili kulikuwa na mzee wa aina hiyo. Aliposikia nawagombeza watoto kwa Kiswahili ngazini alifungua mlango, akasimama na soksi zake, akasema polepole: "Habari gani, mama?" Alifundisha hesabu Lubumbashi ujanani mwake.

Sasa hilo la wahuni. Sifa mbaya ya Montréal-Nord ilienea sana baada ya Agosti 2008, polisi alipompiga risasi na kumuua kijana Fredy Villanueva, mwenye miaka 18, ambaye hakuwa na silaha, na usiku uliofuata magari yakachomwa. Magenge yapo, sitaficha, na kuna vijana waliopotelea humo. Lakini katika miaka saba nilirudi kutoka zamu ya usiku kwa miguu, na waliokuwa nje ni wazee wanaocheza domino. Ninachowaonya wazazi wa watoto wa kiume ni kusimamishwa na polisi, na hilo si la Montréal-Nord peke yake. Utafiti wa 2019 juu ya polisi wa Montreal ulionyesha kuwa watu Weusi husimamishwa mara 4 hadi 5 zaidi ya Wazungu. Kuhama mtaa hakumtoi mtoto wako katika hesabu hiyo. Mfundishe haki zake popote mtakapokaa.

Panamfaa nani? Familia kubwa yenye Kifaransa na bajeti ndogo, hasa ikipata nyumba karibu na Pie-IX au upande wa magharibi unaokaribia Henri-Bourassa.

Saint-Laurent

Nyumba. Zimechanganyika. Kuna majengo ya kupanga ya zamani karibu na metro Côte-Vertu, upande wa Norgate, na mengine Chameran na Place-Benoît ambako familia nyingi za wahamiaji huanzia. Halafu kuna nyumba mpya na za gharama upande wa Bois-Franc, ambazo mgeni huzitazama akipita. Kodi kwa jumla iko juu ya Montréal-Nord. Tano na nusu ya bei ya kawaida ni ya kuisaka kwa subira.

Njia. Hapa Saint-Laurent imebarikiwa. Ina vituo viwili vya metro vya mstari wa machungwa, Du Collège na Côte-Vertu, na cha pili ni mwisho wa mstari, maana yake alfajiri unapanda treni tupu na unakaa. Katikati ya jiji ni kama dakika 25. Tangu Novemba 2025 kuna pia treni ya REM yenye vituo kama Montpellier na Bois-Franc. Wasiwasi wangu ni kwa wanaokaa mbali na vituo hivyo: barabara za viwandani ni pana, hazina kivuli wala kizuizi cha upepo, na mabasi ya jioni huwa machache.

Lugha na shule. Zaidi ya nusu ya wakazi walizaliwa nje ya Canada. Kifaransa ndicho cha ofisi na shule, Kiarabu utakisikia kila kona, na Kiingereza kinakwenda vizuri madukani na kazini. Ni mahali pa katikati: mwenye Kiingereza hatanyamaza siku nzima, na mwenye Kifaransa hatalazimika kukiacha. Shirika la CARI St-Laurent limezoea wageni, kwa karatasi na kwa masomo ya lugha. Vyuo viwili viko pale pale, Cégep de Saint-Laurent cha Kifaransa na Vanier cha Kiingereza.

Kazi na afya. Ukiacha katikati ya jiji, ni wilaya chache zenye ajira nyingi kama hii. Maghala, viwanda vya vyakula, dawa, vipuri vya ndege, na uwanja wa ndege uko jirani, Dorval. Kwa mwenye zamu za usiku hili lina uzito kuliko kodi. Kwa dharura, hospitali ya Sacré-Cœur iko kaskazini, si mbali.

Watu na chakula. Walebanoni, Wamorocco, Wamisri, Wachina, Wahindi. Ndugu wa Pwani na Zanzibar wanaokaa huku husema hawajapungukiwa: tende, iliki, mdalasini, nyama ya halali, mikate ya Kilebanoni inayotoka motoni asubuhi. Kituo cha Kiislamu cha Quebec kiko hapa, moja ya misikiti mikongwe katika jimbo zima, na mwezi wa Ramadhani utajua uko wapi hata bila kuuliza. Kwa sombe, au kisamvu kama ndugu wa Tanzania wanavyokiita, itabidi utoke. Usiku ni kimya, pengine mno kwa aliyezoea Bukavu.

Panamfaa nani? Mwenye kazi ya zamu upande wa magharibi, familia ya Kiislamu inayotaka msikiti na duka kwa mwendo wa miguu, na mtu aliye nusu Kiingereza nusu Kifaransa.

Côte-des-Neiges

Nyumba. Majengo mengi ni makubwa, ya ghorofa nne na kuendelea, yenye boila moja inayopasha jengo zima. Kwa hiyo neno chauffé utalikuta sana, na hilo linapunguza pengo la kodi ambalo tangazo linaonyesha. Tatizo ni ushindani. Chuo Kikuu cha Montreal, HEC na Polytechnique viko juu ya mlima, na wanafunzi wanasaka tatu na nusu zile zile unazosaka wewe. Tano na nusu ni haba. Na katika majengo makubwa ya zamani, chunguza kunguni na mende bila haya: fungua kabati la chini ya sinki, pitisha tochi ya simu kwenye mshono wa sakafu na ukuta. Mwenye nyumba akinuna, umeshajifunza kitu.

Njia. Bora kuliko kote. Mstari wa buluu una vituo Côte-des-Neiges na Université-de-Montréal, Plamondon ya mstari wa machungwa iko jirani, na Snowdon inaunganisha mistari yote miwili. Basi la 165 linashuka mlima hadi katikati ya jiji. Unaweza kuishi hapa miaka bila kumiliki gari wala kuliwaza.

Lugha na shule. Kiingereza na Kifaransa vinapishana barabarani, na mtu wa tatu anajibu kwa Kitagalogi cha Wafilipino. Kwa Mkenya au Mtanzania ni mteremko mwepesi. Ila nimeona hatari yake: kijana anakaa miaka mitatu akiongea Kiingereza dukani, Kiingereza kazini, na siku ya kutafuta kazi nzuri anagundua Kifaransa chake hakijavuka salamu. Ukikaa hapa, jiandikishe wiki ya kwanza Francisation Québec, huduma ya serikali ya kufundisha Kifaransa. Masomo ni bure, lakini mwaka 2024 madarasa mengi yalifungwa kwa ukosefu wa fedha, na waliosubiri walikuta foleni.

Kazi na afya. Kwa familia yenye mtoto mgonjwa, hapa pana kitu ambacho kwingine hakipo: Sainte-Justine, hospitali kubwa ya watoto, ipo pembeni, pamoja na St. Mary's na Hospitali Kuu ya Wayahudi. Namjua mama wa Burundi ambaye mwanawe ana selimundu. Alihama kutoka nyumba kubwa mashariki akaja kubanana katika tatu na nusu, kwa sababu usiku wa maumivu alikuwa anatembea dakika nane na kufika. Sikumlaumu hata kidogo. Shirika la PROMIS, lililoanza 1988, huwasaidia wageni kwa makaratasi na kazi.

Watu na chakula. Wafilipino wana maduka yao upande wa Van Horne, na mtu wa Tanga au Mombasa aende na kikapu kikubwa. Kwenye friji zao kuna nazi iliyokunwa tayari, majani ya mlonge, na mlenda pia, safari hii umeandikwa saluyot. Tuwi la nazi hiyo si la kopo. Oratoire Saint-Joseph iko juu ya mlima, ilianzishwa 1904 na Bruda André, aliyetangazwa mtakatifu 2010, na Wakatoliki wa Congo na Burundi hupanda ngazi zake kwa nadhiri. Majirani hapa hubadilika kila mwaka. Nilikaa miaka miwili nikawajua watu wa ghorofa yangu kwa viatu vyao tu.

Panamfaa nani? Mwanafunzi, mtu mmoja au wawili, anayeanza na Kiingereza, na mwenye mgonjwa ndani ya nyumba.

Kabla ya kusaini popote

Mkataba wa hapa, bail, ni fomu rasmi ya serikali. Mwenye nyumba haruhusiwi kukudai amana. Anachoweza kudai mapema ni kodi ya mwezi wa kwanza tu, wala hawezi kukulazimisha kuacha hundi za miezi ijayo. Kijana mmoja wa Bujumbura alitakiwa miezi miwili ya "dhamana", akakopa kwa watu watatu ili ailipe. Tulipomwandikia mwenye nyumba barua tukataja Mahakama ya Makazi, Tribunal administratif du logement, fedha zilirudi ndani ya wiki.

Kipengele G cha fomu hiyo kinamtaka mwenye nyumba aandike kodi ya chini kabisa iliyolipwa miezi 12 iliyopita. Kisome kabla ya kalamu. Kodi yako ikiwa imepandishwa kupita kiasi, una siku 10 baada ya kusaini kuomba mahakama hiyo ipange kodi. Majengo mapya yenye miaka mitano au pungufu yana kanuni yake, na hilo huandikwa kipengele F. Wengi wetu tunaogopa kufungua shauri tukidhani litaharibu makaratasi ya uhamiaji. Haliharibu. Ni haki ya mpangaji yeyote.

Kwa hali yako

Kama mna watoto watatu au zaidi, Kifaransa mnacho na mshahara ni mmoja, anzeni Montréal-Nord, ghorofa ya kwanza kwenda juu, si nusu chini ya ardhi, na pimeni kwa miguu umbali wa kufika Pie-IX.

Kama uko peke yako, umekuja kusoma, au Kiingereza ndicho ulicho nacho, Côte-des-Neiges itakupa mwanzo laini. Jiwekee mwaka mmoja wa kufika mahali pa kuzungumza Kifaransa bila kuogopa.

Kama ndani kuna mtu wa hospitali kila wiki, sogea karibu na hospitali anayotibiwa, hata nyumba ikiwa ndogo.

Kama mzee ndiye atakayekaa nyumbani mchana, tazama majirani kuliko kodi. Bibi wa Bukavu anayejua Kifaransa atapata wenzake Montréal-Nord. Bibi wa Lamu atapata msikiti na salamu Saint-Laurent. Jiji huwapa wakazi wake wa miaka 65 na zaidi usafiri wa bure tangu Julai 2023, lakini kadi yake lazima iombwe.

Na kama kazi iko Saint-Laurent na nyumba nafuu iko Montréal-Nord, kama huyu mama wa Uvira, chora ramani kwanza. Mstari wa machungwa umepinda kama herufi U. Kutoka Henri-Bourassa kwenda Côte-Vertu kwa metro, unashuka hadi katikati ya jiji kisha unapanda tena upande wa pili. Njia fupi ni mabasi ya kukata kisiwa, la 171 au la 121, na hayo ndiyo hujaa asubuhi. Mume wake anaingia kazini saa moja. Nimewaomba wafanye jambo moja kabla ya kutoa jibu: Jumatatu alfajiri wasimame wote wawili kwenye kituo cha basi mbele ya ile nyumba, wapande hadi mlango wa ghala, na waandike saa waliyotoka na saa waliyofika. Jioni yake tutakwenda kuangalia nne na nusu moja karibu na Côte-Vertu. Nimemwambia aje na tochi.